Jino limevishwa kofia, mbona bado linauma?



Ndugu msomaji, wiki hii katika safu yetu ya afya na usafi nimeonelea tuzungumzie maumivu ya jino lililokwisha kutibiwa na kuvishwa kofia. Jambo hili linawasumbua wengi, na wengi wanaliacha mpaka linageuka kuwa balaa. Nitaanza na kisa ambacho nami nina sehemu yangu ya lawama ndani yake.

Mama mmoja wa hapa Picha ya Ndege, Kibaha, fundi cherehani mwenye watoto wanne, alikuja kwenye kituo ninachofanyia kazi akiwa ameshika shavu la kulia. Gego lake la chini lilikuwa limeoza na kumeguka, akaenda kliniki moja ya binafsi jijini Dar es Salaam, wakalichonga na kulivisha kofia, ile ambayo madaktari wa meno huiita krauni. Fedha alizipata zamu yake ya upatu ilipofika. Siku ya kumi jino likaanza kumwamsha usiku.

Siku aliyokuja kwangu foleni ilikuwa ndefu. Nilimuuliza tu linauma tangu lini, nikamwandikia vidonge vya maumivu na amoksilini, akaenda zake. Baada ya siku sita alirudi akiwa amejifunika ushungi mpaka mdomoni. Alipoufunua, taya lilikuwa limevimba, mdomo haufunguki kupita upana wa kidole kimoja, na homa ilikuwa kali. Nikamuuliza kwa nini hakurudi kwa waliomvisha ile kofia.

"Dokta, hela yote niliimaliza kule. Nilijua nikirudi wataniambia nilipe tena. Na jirani akaniambia kofia ikishagandishwa haitoki, nikienda watang'oa na jino lenyewe."

Tulimpeleka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi, jioni ileile. Usaha ukatolewa, akapewa dawa kwa njia ya mshipa, na Alhamdulillah akapona. Baadaye daktari wa meno alitoboa kitundu kidogo juu ya kofia, akasafisha mzizi wa jino, kisha akakiziba. Jino halikung'olewa. Kilichoniuma zaidi ni karatasi aliyonionesha baadaye. Ilikuwa kwenye droo ya cherehani siku zote hizo, imeandikwa tarehe ya kurudi kliniki: wiki mbili tangu kuvishwa. Siku tuliyompeleka Tumbi, tarehe hiyo ilikuwa imepita kwa siku mbili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, yale ambayo sikumwambia mama yule siku ya kwanza, ninayaandika hapa.

KOFIA YA JINO NI NINI?

Jino lina tabaka tatu. La nje ni enameli, gumu sana na halina hisia. La kati ni dentini, yenye vijitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kupitia vijitundu hivyo baridi na moto hufika ndani. La ndani kabisa ni kiini, chenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambacho huteremka mpaka kwenye ncha ya mzizi. Mzizi nao umeshikwa na mfupa wa taya kwa nyuzinyuzi laini zinazohisi kila unapouma kitu.

Jino likiwa limeoza sana, limepasuka, au limetibiwa mzizi likabaki dhaifu, daktari hulichonga pande zote kwa unene wa milimita moja hadi mbili hivi, huchukua kipimo, na fundi wa maabara hutengeneza kofia ya kulifunika. Kofia huwa ya madini, ya kauri iliyopakwa juu ya madini, au ya kauri tupu. Wakati inatengenezwa, mgonjwa huvishwa kofia ya muda. Ikiwa tayari hugandishwa kwa saruji maalumu ya meno.

Zingatia hapa. Kofia inafunika sehemu ya juu tu. Mzizi, kiini (kama hakikutolewa), fizi na mfupa vimebaki vilevile. Sisi sote tunavaa kofia na mitandio, na hakuna aliyewahi kudai kwamba kofia inazuia kichwa kuuma. Na la jino ni hivyo hivyo.

MAUMIVU YA KUSUBIRI

Si kila maumivu ni ubaya. Jino limechongwa, limepulizwa upepo na maji, fizi imesukumwa, taya limekaa wazi muda mrefu. Kwa hiyo mambo yafuatayo ni ya kawaida:

1. Fizi kuuma au kuvuja damu kidogo kwa siku chache.

2. Jino ambalo kiini chake bado ki hai kushtuka kwa maji ya baridi au chai ya moto, kisha kutulia mara moja. Hali hii aghalabu hupungua ndani ya wiki mbili, wakati mwingine zaidi kidogo.

3. Taya kuchoka na sehemu ya sindano ya ganzi kuuma ukiigusa.

Alama ya maumivu ya kusubiri ni kwamba yanapungua. Leo nafuu kuliko jana, na wiki hii nafuu kuliko iliyopita. Yanayopanda si ya kusubiri, hata kama ni siku ya tatu tu.

MAUMIVU YASIYOSUBIRI

Yapo maumivu ambayo kila moja lina chanzo chake, na ukimweleza daktari vizuri umemrahisishia nusu ya kazi.

La kwanza ni jino kuuma unapotafuna au unapofunga mdomo, na kuhisi kwamba lile jino linagusana na mwenzake kabla ya mengine. Hapo kofia iko juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Hutokea kwa sababu siku ya kuvishwa mdomo ulikuwa na ganzi, ukaulizwa "umo sawa?" ukajibu ndiyo kwa kuwa huhisi kitu. Kila mlo jino hilo linapigwa nyundo, na zile nyuzinyuzi za mzizi zinavimba. Dawa yake ni daktari kukupa karatasi ya rangi uume, aone panapozidi, apasugue. Ni kazi ya dakika chache. Vidonge haviwezi kuishusha kofia iliyo juu.

La pili ni jino linaloshtuka kwa moto au baridi na maumivu yakaendelea kwa dakika kadhaa baada ya kinywaji kutoka mdomoni, au linalopwita lenyewe usiku unapolala. Hii ni dalili kwamba kiini kimevimba pasipo kurudi nyuma, au kinakufa. Huenda uozo ulikuwa umekaribia sana kiini, na kule kuchongwa kukaongeza mzigo. Yaweza kutokea wiki ya kwanza, na yaweza kutokea baada ya miaka. Dawa yake ni kutibu mzizi. Mara nyingi kofia haihitaji kuvuliwa: hutobolewa kitundu juu, kama alivyofanyiwa yule mama.

La tatu ni kofia kucheza, kutoa harufu mbaya au ladha ya ajabu, na chakula kunasa pembeni. Saruji imelegea au uozo mpya umeingia ukingoni. Jino lililovishwa kofia linaweza kuoza pale kofia inapoishia, karibu na fizi.

La nne ni maumivu makali ya ghafla unapouma kitu kigumu au unapoachia. Hapo huenda jino au mzizi una ufa. Wanaosaga meno usingizini wako katika hatari zaidi, nao huweza kutengenezewa kinga ya kuvaa usiku.

"MSHIPA ULISHATOLEWA, MBONA LINAUMA?"

Swali hili ninaulizwa sana. Kweli, jino lililotibiwa mzizi halina mshipa wa fahamu ndani, kwa hiyo haliwezi kushtuka kwa baridi. Lakini zile nyuzinyuzi zinazolishika na mfupa unaolizunguka bado vina hisia kamili. Vijidudu vikibaki ndani ya mzizi, usaha hujikusanya kwenye ncha, na jino huuma ukiligonga au ukitafuna. Magego yana mizizi zaidi ya mmoja, na kila mzizi una njia yake. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina njia nne, na ile ya nne ni nyembamba, rahisi kupitwa. Wakati mwingine utaona kijipu kidogo kwenye fizi kinachopasuka, kinatoa usaha, kisha kinajifunga. Watu hufurahi kwa kuwa maumivu yamepungua. Usifurahi. Usaha umepata mlango, lakini chanzo bado kipo. Jino la namna hiyo hupigwa eksirei na kutibiwa upya.

Vilevile, si kila maumivu yanatoka kwenye jino lililovishwa. Jino la jirani linaweza kuwa ndilo lililooza. Mafua yaliyoziba uwazi wa mifupa ya uso huumiza magego ya juu. Na mtu mzima anayeumwa taya la chini kila anapopanda kilima au kubeba mzigo, kisha likatulia akipumzika, asikimbilie kwa daktari wa meno. Huyo aende hospitali akapimwe moyo, na kama pamoja na taya kuna kifua kubana, jasho la baridi au pumzi kukata, aende wakati huohuo.

JIPIME KWA MAJI YA UDHU

Sisi tunasukutua mara tano kwa siku, na maji ya Alfajiri, hata hapa Pwani, yana ubaridi wake. Basi tumia ibada hiyo kulijua jino lako. Ukisukutua likashtuka, kisha likatulia kabla hujamaliza kuosha uso, hilo ni la kuangalia na kusubiri. Likiendelea kuuma mpaka umemaliza miguu, au mpaka umetoa salamu ya kumaliza swala, hilo lina neno. Panga safari ya kwa daktari wa meno siku hiyohiyo. Kwa anayeteseka na baridi, hakuna ubaya kupasha maji yawe vuguvugu.

NYUMBANI UFANYE NINI?

- Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe kimoja, mara tatu au nne kwa siku.

- Tafuna upande wa pili. Ahirisha mifupa, miwa, karanga na bisi.

- Mtu mzima anaweza kumeza parasetamo ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Mwenye maradhi ya ini amuulize mtaalamu kwanza.

- Ibuprofeni na diklofenaki hazifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, pumu inayochochewa na dawa hizo, wala kwa mjamzito. Usichanganye hizo mbili, na usizimeze bila kula.

- Usiweke kidonge cha aspirini juu ya fizi. Kinaunguza. Ugoro na mafuta ya taa navyo ni madhara matupu. Mafuta ya karafuu, tone moja kwenye pamba, yanaweza kutuliza kwa muda mfupi, lakini hayatibu, na yakizidi yanaunguza fizi.

- Endelea kusafisha. Wengi wakiumwa huacha kupiga mswaki upande huo, na uchafu unaongeza uvimbe. Piga mswaki taratibu pale kofia inapokutana na fizi, na pitisha uzi wa meno kati ya jino na jino. Mswaki wa mti, sunna ya Mtume wetu (S.A.W.), unafaa sana, ila ncha yake ilainishwe kwanza, isichome fizi iliyovimba.

VIPI KUHUSU AMOKSILINI?

Hapa ndipo nilipokosea mimi, na ndipo maduka ya dawa yanapokosea kila siku. Kiini kilichovimba kimefungiwa ndani ya jino gumu, na antibiotiki haiondoi maumivu yake. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba kwa watu wazima wenye kinga ya kawaida ya mwili, maumivu mengi ya jino yasitibiwe kwa antibiotiki bali kwa kulitibu jino lenyewe. Dawa hizo zina nafasi yake pale maambukizi yanapoenea, kukiwa na uvimbe pamoja na homa, na hata hapo ni msaada tu. Usaha lazima utolewe. Ukimeza amoksilini au metronidazo kila jino linapouma, unapata nafuu ya uongo, unafundisha vijidudu kuizoea dawa, na ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

DALILI ZA HATARI

Ukiona mojawapo ya hizi, usingoje asubuhi:

1. Shavu, chini ya taya, shingo au jicho kuvimba.

2. Homa na kutetemeka.

3. Mdomo kutofunguka vizuri.

4. Kushindwa kumeza hata mate, sauti kubadilika, au sakafu ya mdomo kuinuka na kusukuma ulimi juu.

5. Kupumua kwa shida.

Usaha wa magego ya chini unaweza kuteremka shingoni na kuziba njia ya hewa, na watu hufa kwa hilo. Mwenye kisukari, mjamzito na mwenye upungufu wa kinga wawahi zaidi, kwa kuwa kwao maambukizi hukimbia. Sisi wa Kibaha tuna Tumbi. Walio kwingine waende hospitali iliyo karibu, nayo ikiona inafaa itawapa rufaa kwenda kwenye upasuaji wa kinywa na taya, kama vile Muhimbili.

UDHU, SAUMU NA JINO LA DHAHABU

Wapo wanaoacha kurudi kliniki, au kuvishwa kofia kabisa, kwa wasiwasi wa ibada. Niseme kwa ufupi nilichojifunza madrasa, na mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Kofia iliyogandishwa haivuliwi kwa ajili ya udhu wala josho. Imekuwa kama sehemu ya jino, na maji yakipita juu yake yatosha. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, kusukutua kwenyewe ni sunna katika udhu na katika josho.

Kuhusu saumu, mwaka 1997 Baraza la Fiqhi la Kimataifa lenye makao yake Jeddah lilipitisha kwamba kutoboa jino, kuling'oa na kusafisha meno havibatilishi saumu, maadamu mtu ameepuka kumeza kilichofika kooni. Sindano isiyo ya lishe nayo haibatilishi. Kidonge cha kumeza kinabatilisha. Mwenye maumivu makali au uvimbe ni mgonjwa, na mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Asikae na usaha mwezi mzima akidhani anaongeza thawabu.

Kuhusu dhahabu, wanawake hawana tatizo. Kwa wanaume, wanazuoni hurejea kisa cha sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, akatengeneza ya fedha ikatoa harufu mbaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Kutokana na kisa hicho wakaruhusu jino la dhahabu kwa dharura. Siku hizi kauri na madini mengine vinatosha, kwa hiyo mwanamume hana haja ya dhahabu kwa ajili ya pambo.

KABLA HUJATOKA KLINIKI

Kofia inagharimu laki kadhaa, na kwa familia nyingi hiyo ni ada ya shule. Kwa hiyo uliza mapema, kabla ya kulipa: Je, jino hili mzizi wake umetibiwa au bado u hai? Likianza kuuma nirudi lini, na kwa nani? Kurekebisha kofia iliyo juu kunalipiwa? Bima yangu inagharimia nini? Omba risiti na tarehe ya kurudi kwa maandishi, na picha ya eksirei kama ipo, uvitunze pamoja na vyeti vya kliniki vya watoto, si kwenye droo ya cherehani. Ganzi ikiisha jioni, funga mdomo taratibu uone kama meno yanagusana sawasawa. Kama hayagusani sawa, piga simu kesho yake.

Na ukirudi, usirudi kwa unyonge. Kumwangalia mgonjwa baada ya kumvisha kofia ni sehemu ya tiba uliyoilipia. Daktari mwema hukasirika zaidi kwa mgonjwa asiyerudi kuliko kwa anayerudi mara mbili. Yule mama alipokwenda hatimaye kule Dar es Salaam, jambo la kwanza aliloulizwa ni kwa nini hakuja siku ile ya kumi.

Mimi nami nimebadilika. Siku hizi mgonjwa wa jino akiketi mbele yangu, hata foleni ifike mlangoni, ninamuuliza maswali manne: limewahi kutibiwa, linauma ukitafuna, linakuamsha usiku, na tarehe yako ya kurudi ni lini. Nawe, msomaji, kama jirani yako ameshika shavu, muulize hayohayo kabla hujampa kidonge. Kisha msindikize kituoni.

Tukutane toleo lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.